Usiulize Rangi, Hesabu Matone

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koleo. Ilikuwa kwenye mtambo wa kuchenjua marudio, nje kidogo ya mji wa Tarime, miaka ile ambayo kila kilima chenye jiwe jeupe kilikuwa na watu juu yake na watu ndani yake. Marudio ni mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na kuoshwa kwa zebaki. Mchimbaji akishachukua dhahabu anayoiona kwa macho, mchanga anauacha nyuma kama makapi. Lakini humo ndani bado kuna dhahabu, ndogo kuliko vumbi, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaifuata sisi. Kazi yangu ilikuwa kupakia marudio kwenye tangi la saruji, na baada ya wiki kadhaa kuyapakua.

Mimi niliacha shule darasa la tano. Sikufukuzwa wala sikufeli. Nilifuata lori. Nilitaka kuona barabara inaishia wapi, nikafika Sirari, nikakuta haiishii, inavuka tu mpaka na kubadilisha lugha. Nikabaki pale nikishusha mizigo, nikavuka Isebania nikasukuma mikokoteni, nikarudi, nikalinda mahindi ya watu, nikachoma matofali. Kila kazi niliiacha siku nilipoielewa. Mama yangu alikuwa akisema, "Mwita ana miguu ya mbuzi na maswali ya hakimu."

Basi siku ile ya koleo, kabla ya saa nne asubuhi, nilikuwa nimeshamuuliza msimamizi wa zamu kwa nini tunachanganya chokaa kwenye marudio, kwa nini tangi lina mkeka wa magunia chini, na kwa nini kwenye kibanda cha mbao kuna mama anayetazama chupa ya maji ya njano kana kwamba ni mtoto mgonjwa. Msimamizi alichoka. Akapaza sauti kuelekea kibandani: "Madamu! Huyu ni wako, mimi sina majibu."

Madamu alikuwa mkemia wa mtambo, Mjaluo kutoka ng'ambo ya mpaka, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitoka akanitazama.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Wewe umekuja kuchimba ama kuuliza?"

"Vyote."

"Hakuna mtu hufanya vyote. Weka hiyo koleo chini, kuja hapa."

Mezani kwake palikuwa na kipimo cha pH, kifaa chenye ukubwa wa gunzi la mahindi, chenye namba zinazowaka kwenye kioo kidogo. pH ni namba inayoonyesha kitu kiko upande wa uchachu au upande wa magadi. Maji ya ndimu yako chini kabisa, kwenye mbili. Maji safi yako katikati, kwenye saba. Maji ya chokaa yako juu, kwenye kumi na mbili. Madamu alichukua glasi mbili. Moja akaijaza maji ya mvua, nyingine akamimina kutoka kwenye ile chupa ya njano, ambayo aliiita bafa. Zote mbili kipimo kilisoma karibu na saba. Kisha akakamua ndimu na kudondosha tone moja moja kwenye kila glasi.

Ile ya maji ya mvua ilianguka mpaka nne kwa matone mawili tu. Ile ya bafa ilibaki saba. Akaongeza tone, ikabaki saba. Akanipa ndimu niongeze mwenyewe. Saba.

"Umeweka uchawi," nikasema.

"Nimeweka ndugu wawili," akanijibu. "Ndani ya bafa kuko na ndugu wawili, wanakaa nyumba moja. Mmoja kazi yake ni kudaka asidi. Ukitupa asidi ndani, anaidaka kabla haijafanya fujo. Huyu mwingine anangojea alikali, vitu kama chokaa. Ukitupa alikali, yeye ndiye anaidaka. Na kila mmoja akishadaka, anageuka kuwa ndugu yake. Ndiyo maana nyumba inatulia, hata kama mlangoni kuna vita. Maji ya mvua hayana mtu mlangoni."

"Na yule wa kudaka asidi akiisha?"

Madamu alivua miwani. Nadhani hapo ndipo aliponiona mimi badala ya koleo.

"Akiisha, ameisha," akasema. "Kesho usiende kwa tangi. Kuja moja kwa moja hapa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya maabara, mtu wa darasa la tano. Nilijifunza kwanza kwa nini namba ile ilitushughulisha. Dhahabu ndogo haiokotwi kwa vidole. Inayeyushwa kwa maji yenye sayanaidi, halafu maji yale yanapitishwa kwenye mapipa ya kaboni, yaani makaa maalumu yanayoinasa dhahabu. Maji yakitoka hapo yanaingia kwenye shimo la pampu, pampu inayarudisha juu ya tangi, yanashuka tena kwenye marudio. Yanazunguka hivyo mchana na usiku. Sayanaidi ni sumu, kila mtu anajua. Lakini wengi hawajui kwamba ndani ya maji yenye pH ya juu sumu hiyo inakaa imetulia majini. Namba ikishuka, inaanza kutoka kama hewa. Ukiivuta ya kutosha, huna muda wa kuita mtu.

"Kumi na moja tunalala," Madamu alikuwa akisema. "Kumi na nusu tunaamka. Kumi tunatafuta viatu."

Kuna wanaoisikia hewa hiyo kwa pua, wanasema inanuka kama mbegu chungu. Kuna wasioisikia kabisa. Madamu alinipima kwa kuninusisha kitambaa kutoka mbali, akaniuliza nasikia nini. Sikusikia kitu. Akaandika kwenye daftari lake: Mwita hana pua. Kuanzia siku hiyo nilijua maisha yangu yatategemea vipimo.

Sasa nieleze kosa langu la kwanza, maana la pili lilizaliwa humo. Bafa ilikuwa inatumika kusahihisha kipimo kila asubuhi. Unatumbukiza kipimo kwenye bafa ambayo unajua ni saba. Kisiposoma saba, unakirekebisha mpaka kikubali. Chupa moja ilitakiwa itutoshe miezi. Lakini mimi, Madamu akiondoka, nilikuwa nikiichezea. Nilijaribu majivu, nilijaribu soda, nilijaribu maziwa yaliyoganda, nilijaribu hata mkojo wa ndama wa mlinzi. Nilitaka kujua kila kitu kitamshinda yupi kati ya wale ndugu. Siku moja nikashtuka chupa iko chini ya nusu.

Kwetu supu ikipungua na wageni bado wanakuja, unaongeza maji. Nikaongeza maji. Nikatumbukiza kipimo. Saba. Ilitikisika kidogo tu kwenye nukta, ikatulia. Nilicheka peke yangu kibandani. Nilidhani nimegundua jambo ambalo wazungu wanaouza chupa hizo wanalificha.

Madamu hakuhitaji kipimo kunikamata. Rangi ya njano ilikuwa imepauka.

"Umeongeza maji."

"Lakini inasoma saba, Madamu. Tazama."

"Naona. Leta ndimu."

Akanifanya nihesabu kwa sauti. Kwenye kijiko cha bafa mpya, aliyoitoa kabatini, tulidondosha matone ya ndimu mpaka namba ikakata tamaa. Kwenye kijiko kama hicho cha ile yangu, iliangukia nusu ya njia.

"Sura ni ile ile," akasema Madamu. "Mgongo hakuna. Namba inakuambia mtu yuko wapi sasa. Haikuambii amebakiwa na nguvu gani. Ukitaka kujua nguvu, mpe mzigo kidogo kidogo, uhesabu."

Hakunifukuza. Alinifundisha kipimo cha matone, ambacho wakemia wa zamani walikitumia kabla vifaa vya namba havijaja. Unachukua maji ya tangi kiasi kidogo, unayachuja, unasimama nje penye upepo. Kwanza unaifunga sayanaidi kwa dawa yenye madini ya fedha. Kisha unatia tone la dawa nyingine, maji yote yanakuwa pinki. Halafu unadondosha asidi hafifu, tone kwa tone, mpaka pinki itoweke. Matone uliyoyahesabu ndiyo akiba ya ulinzi wako. Kwa chokaa nzuri tulizoea kupata thelathini na kitu.

Tulifanya kazi pamoja mpaka marudio ya eneo lile yakaisha na mtambo ukafungwa. Asubuhi ya kuachana Madamu alinipa bomba lake la kioo la kudondoshea, limefungwa kwenye kitambaa cha leso. Akavuka kurudi kwao. Mimi miguu ya mbuzi ikaniwasha tena.

Nilikwenda Ikoma, karibu na geti la hifadhi, nikapata kazi kwenye kambi ya watalii. Bosi wangu hapo cheo chake kilikuwa Msimamizi wa Bustani na Bwawa, na bwawa lilikuwa la kuogelea. Jambo hili watu wa kwetu hawakuliamini: kwamba karibu na mto wenye mamba kuna watu wamechimba maji mengine ya kuogea. Bwawa lile lilikuwa kichaa. Ukitia kikombe cha asidi kidogo, wageni wanatoka macho mekundu kama wamekata vitunguu. Ukitia dawa ya upande wa pili, maji yanakuwa meupe kama ya kufulia.

"Limerogwa," Msimamizi aliniambia. "Hata aliyekuwepo kabla yako alisema."

Nikalipima matone. Karibu hakuna. Yalikuwa maji ya mvua tu, hayana mtu mlangoni. Nikaenda jikoni kumwomba mpishi magadi soda, ile ya kuumulia maandazi, nikaitia kwa ndoo siku tatu. Bwawa likatulia. Msimamizi akanitangaza kwa kila mgeni kama mtu aliyetoa jini. Nami nikaondoka Ikoma na imani kubwa, na imani ile ndiyo iliyotaka kuua mtu: kwamba magadi ni rafiki yangu.

Nilioa wakati huo. Mke wangu Wankuru ni wa upande wa Kenyamonta, na kwa ajili yake nilitulia muda mrefu kuliko nilivyowahi kutulia popote. Karibu na kwao palifunguliwa mtambo wa marudio, mdogo, matangi mawili. Nikaajiriwa kama mpimaji. Mwenye kusimamia alikuwa Meneja, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aliyehamia kwenye dhahabu kama wengine walivyohamia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka. Kipimo cha namba kilipoharibika alinunua vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi, ukilinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kopo: kijani ni nane, buluu ni kumi.

Nikamwombea kazi na shemeji yangu Nyamhanga, kaka yake Wankuru, mwana wa kiume wa pekee kwa mama yao. Mtu mkimya, mwenye mabega ya kubebea mlango. Yeye alipewa shimo la pampu. Shimo lile lilikuwa na kina cha mtu na nusu, limefunikwa mabati ili mvua isiingie, na mara tatu kila zamu ilibidi ashuke kwa ngazi apige magoti na kusafisha chujio la matope. Nyamhanga ana pua. Alikuwa akipanda juu na kuniambia, "Leo hakuna," au "Leo iko kidogo," nami nilikuwa naandika. Tulikuwa mpimaji mmoja mwenye miili miwili.

Masika ile lori la chokaa lilikwama njiani. Barabara ilikuwa uji. Gunia la mwisho lilipokunjuliwa, Meneja aliita watu wa zamu akasema tutasimamisha pampu, na sayanaidi iliyokwisha mwagwa itapotea bure.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Bosi, kuna magadi. Kwenye mnada wanauza kwa magunia, haya ya kulambisha ng'ombe na kulainishia maharage. Nimeyatumia Ikoma."

"Yanafanya kazi?"

"Yanashika kama kupe."

Tulinunua magadi yote ya mnada ule mpaka wafugaji wakatutukana. Tukayayeyusha, tukayamwaga. Karatasi ikatoka buluu: kumi. Nilikumbuka maneno ya Madamu kuhusu kumi na kutafuta viatu, lakini nilijiambia kumi hii haitikisiki. Nikapima matone siku ile, nikapata arobaini, nikafurahi kuliko chokaa. Nikalifunga bomba la kioo kwenye leso, nikaliweka.

Siku ya pili buluu. Ya tatu buluu. Meneja alinipiga begani mbele ya watu. "Darasa la tano!" akasema. "Wenye vyuo wako wapi?" Nami nilicheka. Nawaambia vijana ukweli, sifa ile ilinilevya. Sikuhesabu tena.

Siku ya sita Nyamhanga alipanda ngazi, akakaa ukingoni, akajipangusa.

"Shemeji, siku hizi iko kila siku. Hata sijui tena kama ni nyingi au kidogo. Pua imechoka."

"Karatasi inasema kumi."

"Mimi sijasoma karatasi. Nakwambia pua."

Nilikwenda nikafungua leso. Matone ishirini na moja. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Ishirini na moja. Jioni nikapata kumi na tatu. Na karatasi, nyakati zote mbili, buluu ile ile ya kopo.

Ndipo nilipotazama maji tuliyokuwa tunaongezea tangi. Meneja alikuwa ameelekeza bomba kwenye bwawa lililo chini ya lundo la zamani la marudio, lundo lililonyeshewa misimu mingi. Marudio yale yalikuwa na ile dhahabu ya wajinga, jiwe linalong'aa bure. Likinyeshewa linaota kutu, na kutu yake inatoa asidi. Maji ya bwawa lile yalikuwa na rangi ya chai. Kila siku tulikuwa tunamwaga asidi kwenye tangi, na magadi yakawa yanadaka kimya kimya bila kubadilika uso. Nilichokuwa nakiita ushindi kilikuwa ni mtu anayemaliza nguvu zake mbele yangu, na mimi nampongeza kwa kusimama wima.

Asubuhi yake nilipima mapema. Matone sita. Karatasi: kumi.

Chujio lilikuwa limeziba tangu alfajiri na pampu inakohoa. Nyamhanga alikuwa ameshavaa viatu vya mpira. Sikuwa na hotuba. Nilizima swichi ya pampu ya maji ya bwawa, nikaenda kwenye shimo, nikaivuta ngazi juu, nikailaza chini, nikaikalia.

Watu wakaja. Meneja akaja, kijitabu mkononi.

"Mura, kijana wewe, rudisha ngazi."

"Hapana, bosi."

"Karatasi inasoma ngapi?"

"Kumi."

"Umesema mwenyewe. Kumi ni kumi."

"Kumi ya siku ya kwanza ilikuwa na matone arobaini nyuma yake. Hii ina sita."

"Sita nini? Sita ng'ombe?"

Wakacheka. Mzee mmoja wa koleo akasema, "Mwacheni, anataka kupanda mbinguni, amewahi ngazi kabla ya foleni." Wakacheka zaidi. Nyamhanga peke yake hakucheka. Alisimama karibu yangu, akaongea chini chini.

"Shemeji, niliacha shamba la mama nikakufuata wewe. Leo unanikalisha kama bibi harusi mbele ya wanaume. Inuka."

"Ukishuka humo leo, nitamwambia nini dada yako?"

"Utamwambia nilikuwa kazini."

"Nyamhanga, magadi ni wazo langu," nikasema, na safari hii nikasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Si la Meneja. Ni langu, na nilikosea. Nilitazama rangi, sikuhesabu. Namba haitashuka taratibu ili tuione. Itasimama hapa hapa kwenye kumi mpaka tone la mwisho, halafu itaanguka kwa mara moja."

Meneja aliniambia kuanzia dakika ile sina kazi. Nikamwambia sawa, lakini mtu asiye na kazi anaweza kukaa popote. Akamtuma mtu akatafute ngazi nyingine kwa mafundi waliokuwa wanajenga kanisa pale kijijini. Kwa bahati njema mafundi walikuwa juu yake wakipaka chokaa, wakasema mpaka mchana.

Nilikaa. Jua likapanda. Pampu kubwa ya kuzungushia maji iliendelea kukohoa, na maji ya asubuhi yaliyokwisha ingia tangini yaliendelea kushuka ndani ya marudio. Watu walirudi kwenye makoleo yao. Nyamhanga alikaa kwenye jiwe akanipa mgongo. Nilianza kujishuku mwenyewe. Nilifikiri, labda sita inatosha. Labda nimemwaibisha mtu mzima kwa ajili ya hofu ya mtu asiye na pua.

Adhuhuri mpishi wetu, mama mmoja mwenye ulimi, alipita akitafuta kuku wake, jike jekundu ambalo lilizoea kujipenyeza chini ya mabati ya shimo kutafuta kivuli.

"Nani kala kuku wangu? Nyamhanga, hebu achama nione manyoya."

Nyamhanga aliinuka kumsaidia, nadhani ili apate kisingizio cha kuondoka karibu nami. Akainua kona ya bati kwa fimbo. Mara akarudi nyuma hatua tatu, mkono puani.

"Leo siyo kidogo," akasema.

Kuku alikuwa chini kabisa, kando ya chujio, amelala ubavu, mahali ambapo magoti ya Nyamhanga hukaa. Hakuwa na jeraha.

Tuliondoka wote kwenda upande unakotoka upepo. Nikafunga karatasi kwenye uzi mrefu wenye kijiwe, nikaitundika fimboni, nikaishusha shimoni huku nimebana pumzi, nikaivuta. Kijani. Ilikuwa buluu asubuhi ile ile. Nikampelekea Meneja mkononi. Aliitazama, akaitazama tena ile rangi ya kopo, akatazama upande wa kuku. Alipanda pikipiki yake akaenda kanisani, si kwa ajili ya ngazi sasa, na baada ya muda akarudi na mafundi wawili na magunia ya chokaa waliyokuwa wanapakia kuta za Bwana. Chokaa ambayo siku zote zile tulikuwa tunapita mbele yake tukienda kazini.

Tuliimimina tukiwa upande wa upepo, kidogo kidogo, juu ya tangi na kwenye mfereji wa shimo, hakuna aliyeshuka mpaka siku ya tatu. Asubuhi yake nilipima: kumi na moja, matone thelathini na mbili. Jioni nilikuwa nyumbani nafunga mizigo. Meneja alisimama mlangoni bila kushuka kwenye pikipiki.

"Ngazi umeiweka wapi?"

"Nyuma ya kibanda."

"Irudishe. Na matone utahesabu asubuhi na jioni, unaniandikia." Akawasha pikipiki. Hiyo ndiyo iliyokuwa samahani yake, nami niliipokea.

Nyamhanga hakuniomba samahani wala mimi sikuistahili. Kwa muda mrefu alikuwa akinisalimia na kupita. Siku moja tu, tukiwa tunakula, alisema, "Ungeniambia siku ya kwanza kwamba hujui." Nikamwambia, siku ya kwanza nilidhani najua. Akatafuna, akameza. "Hiyo ndiyo mbaya," akasema. Tukaendelea kula.

Nilikaa kwenye mtambo ule mpaka magoti yakakataa. Nilistaafu bila sherehe. Meneja mwingine, kijana, alinipa koti la mvua na kunishukuru kwa Kiswahili cha ofisini. Vijana wa mitambo bado wanakuja kwangu. Wana vipimo vipya vyenye nukta mbili, vinapiga hata mlio. Wananiambia, "Mzee, tuko kumi na moja nukta sifuri tano." Nawaambia nimefurahi, sasa niambieni matone. Wengine wanacheka, wengine wanakwenda kuhesabu, nami hao wa pili ndio nawapa bomba la Madamu walishike kidogo.

Siku hizi nakaa na nafikiri sana, kazi ambayo zamani sikuwa na muda nayo. Nimefikiri kwamba watu wa kwetu tumelelewa kusimama kumi. Mwanaume anaulizwa habari, anajibu salama. Ng'ombe wamekufa, salama. Mvua imegoma, salama. Si uongo. Kuna kitu ndani yetu kinachodaka, na ni kizuri, maana bila hicho kila tone lingetuangusha kama maji ya mvua. Lakini kinachodaka kinaisha, na hakipigi kelele kinapoisha. Wankuru alilielewa jambo hili haraka kuliko mimi. Hapa nyumbani haniulizi nimeamkaje. Ananiuliza, "Leo matone mangapi?" Na nikisema thelathini wakati ni kumi na mbili, ananitazama mpaka nirekebishe.

Mwezi uliopita Nyamhanga alikuja kututembelea. Alikuwa amemzika mkewe kabla ya mavuno, na kwenye matanga yote ni yeye aliyekuwa anawapangia wageni viti. Mabega bado yapo. Alikaa, akapokea chai, tukazungumza mtama na barabara.

"Na wewe mwenyewe, shemeji? Habari?"

"Salama kabisa."

Wankuru alikuwa jikoni anachochea moto. Hakutoka. Alisema tu kwa sauti, "Usimwulize rangi kaka yangu. Mwulize matone."

Nyamhanga akaweka kikombe chini. Midomo yake ikasogea kidogo kama mtu anayehesabu.

"Sita," akasema.

Nikainuka, nikasogeza kiti changu karibu na chake, nikakaa.